Jembe la Cheni la Namikunda

Kufikia saa moja asubuhi foleni ya bohari ya zana za kilimo ilikuwa imeshapinda kona, na Filbert alikuwa wa tisa. Mbele yake palikuwa na watu sita na mawe mawili, maana wenye mawe walikwenda kunywa chai. Hii ilikuwa siku yake ya nne Dar es Salaam. Kibali cha kijiji cha kuchukua jembe la trekta kilikuwa kinakwisha leo, na lori la kurudi kusini lilikuwa linaondoka kesho alfajiri, kabla mvua hazijaifunga barabara ya Rufiji. Akilikosa jembe leo, Namikunda ingelima kwa mkono tena.

Na kwa mkono walikuwa wameshalima vya kutosha. Filbert ndiye aliyekuwa dereva wa trekta dogo la kijiji. Jembe lake la kwanza, lile la visu vinavyozunguka, lilikuwa la gia. Likakatika jino, jino moja tu. Kijiji kikaandika barua mkoani, mkoa ukaandika Dar, na Dar ikajibu kwamba vipuri vinasubiri fedha za kigeni. Miezi kumi na minne ikapita. Klara, mkewe, alishika jembe la mkono akiwa na mimba ya miezi minane, na watu waliokuwa wakimpungia dereva wakaanza kumuuliza kama trekta lake linaatamia mayai. Aibu ile ilikuwa haijamtoka.

Zamu yake ilifika saa nne. Ndugu Eliakimu, mkuu wa bohari, mtu wa kaunda suti iliyopigwa pasi ikanyooka, alimwonyesha majembe mawili yaliyobaki. Moja lilikuwa la gia, zimefungwa ndani ya kasha la chuma, zinaogelea kwenye oili. Lingine lilizungushwa na cheni nene ubavuni, na rangi yake ilikuwa imeshaanza kubabuka. Filbert akasema analitaka la cheni.

Eliakimu akafungua faili. Mkutano wa kijiji, akasoma, uliamua gia. Ni kweli uliamua. Bwana shamba alikuja kutoka wilayani akawaambia kwamba gia ndiyo maendeleo, wakanyoosha mikono wote, hata Filbert mwenyewe, maana mgeni alikuwa amesema sana na wali wa mgeni ulikuwa unapoa.

Filbert akaeleza habari ya lile jino. Mkuu alimsikiliza kwa upole wa mtu ambaye jibu lake liko tayari. Cheni hulegea, alisema, huliwa na mchanga, na mwisho hukatika. Gia haina shida.

"Na jino la gia likikatika, ndugu, nitapata wapi jingine?"

"Utaandika barua."

Akaongeza kwamba bohari inafuata muhtasari wenye mhuri, haifuati maneno ya dereva, na kwamba inafungwa saa nane na nusu.

Filbert akatoka na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na hofu. Je, kama mkubwa yule anasema kweli kuhusu cheni? Mfukoni alikuwa na njiti ya kiberiti aliyoikata kwa urefu wa pingili moja ya cheni ile. Akakata mitaa ya Kariakoo mpaka kwa Rajabu, fundi wa baiskeli na pikipiki aliyefanya kazi barazani Mtaa wa Msimbazi. Rajabu akailaza njiti juu ya cheni kuukuu ya pikipiki. Zikalingana.

"Kulegea italegea," alisema bila kumficha. "Kila Jumamosi uikaze, uipake oili. Ikikatika, unatoa pingili, unaunga, unalima siku hiyohiyo. Sasa gia, jino likikatika, nikuchongee kwa nini? Kwa muhogo?"

Filbert akacheka, mara ya kwanza tangu aingie mjini. Kisha akaikumbuka karatasi. Namikunda, kila walipomtuma mtu mjini, mwenyekiti wao Mzee Bakili alimpa karatasi mbili tupu zilizokwisha kugongwa mhuri wa kijiji chini, kwa sababu hakuna aliyejua mjini kitatakiwa nini. Ya kwanza ilikwenda kwa kuombea nafasi ya mzigo kwenye lori. Ya pili ilikuwa bado kifuani, ndani ya shati.

Akakaa juu ya sanduku la spana la Rajabu, akaandika kwa mwandiko wa shule: mkutano wa dharura wa kijiji umekaa na kuamua kwa kauli moja kuchukua jembe la cheni. Kuwasemea watu mia tatu si mchezo. Akajiuliza Klara angenyoosha mkono kwa lipi, basi akaandika na tarehe.

Saa nane kasoro robo Eliakimu aliitazama karatasi chini, penye mhuri, akaugusa kwa kidole.

"Sasa hii ndiyo karatasi," alisema. "Ungekuja nayo tangu asubuhi tusingesumbuana."

Akaiweka mezani kwa Sitara, mpiga chapa wake, akaenda kunawa mikono ale. Sitara akaisoma yote, neno kwa neno, jambo ambalo bosi wake hakulifanya. Kisha akainua macho.

"Mkutano umekaa leo?"

"Leo asubuhi, dada."

"Na Namikunda iko wapi?"

"Mkoa wa Mtwara."

Sitara akatazama saa ya ukutani, akamtazama na yeye.

"Mlikuwa wangapi?"

Angeweza kusema mia tatu. "Mmoja," akasema.

Sitara akachukua karatasi ya kaboni, akaipachika kwenye mashine. "Akidi imetimia," alisema, akaanza kupiga chapa hati ya kutolea jembe.

Wapagazi walipolipakia jembe kwenye mkokoteni, cheni ilikuwa imelegea kiasi cha vidole viwili. Filbert alifurahi kuiona. Wakasimama kwa Rajabu, akaazima spana, akaikaza mwenyewe palepale mtaani, na ikakazika.