Katuni ya Mkate Unaokimbia

Kwa miezi mitano sikula mkate wa Ushirika, na wala sikuwa nimetengwa. Mkate ulikuwa mikononi mwa Klementina, mke wa mwanangu Simon. Washirika wa kanisa letu la Nyansurura walipomchagua mkamwana huyu kuwa mzee wa kanisa, mimi mwenyewe nilinyoosha mkono juu kabisa. Sikufikiri kwamba ndiye atakayeleta sahani upande wa wanaume wazee. Kwetu Wakurya baba mkwe hapokei kitu mkononi mwa mkamwana, na hata kutazamana usoni ni aibu. Kwa hiyo kila Jumapili ya Ushirika nilijikohoza, nikatoka nje hadi wimbo wa mwisho. Kuomba abadilishiwe zamu sikuweza. Watu wangesema nampinga.

Klementina, ambaye wazazi wake si Wakurya bali walikuja huku kutafuta dhahabu, ndiye pia mchoraji wa katuni za ubao wa matangazo. Aliwahi kuchora wanakwaya wanaochelewa na wanaume wanaokoroma wakati wa mahubiri. Nilizicheka kuliko watu wote.

Mwezi huo wa tano nilikuta watu wamejaa ubaoni wakicheka. Waliponiona, wakanipisha. Kwenye katuni mpya, mzee mwenye kofia kama yangu alikuwa anaruka benchi kama mbuzi, na kipande cha mkate chenye miguu kinamfukuza. Chini pameandikwa: "Baba, hata mkate umechoka."

"Werema," alisema Mseti, ambaye tulitahiriwa naye mwaka mmoja, "kumbe mbio bado unazo. Ng'ombe wako walipoibwa ulisema goti linauma."

Niliibandua karatasi, nikaikunja, nikaenda nayo nyumbani.

"Mtoto huyu amenivua nguo mbele za watu," nilimwambia mke wangu Nyangi.

"Umeisoma yote?"

"Mama Simon, nilihudhuria kisomo cha jioni nikiwa na miaka thelathini na moja. Kusoma najua."

"Basi soma na upande ulioukunja."

Niliikunjua. Kwenye nusu ya pili, ambayo kwa hasira sikuwa nimeitazama, mwanamke mwenye miguu ya korongo alikuwa anakimbilia mlango mwingine, sahani kichwani, machozi makubwa kama maharage.

"Anataka kuuacha uzee wa kanisa," alisema Nyangi. "Anasema baba wa watu atakufa bila Ushirika kwa sababu yake. Angekuambiaje, na wewe ukimwona unageukia ukuta?"

Nilivaa miwani, nikaitazama tena ile miguu. Kicheko kilinitoka hadi nikakohoa, safari hii kikohozi cha kweli.

Kisha nilichukua penseli. Kwenye kisomo tulifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, kuchora hatukufundishwa. Nilihangaika mchana kutwa.

"Huyo ni ng'ombe?" aliuliza Nyangi.

"Ni stuli."

"Mbona ina mkia?"

"Huo ni mguu wa tatu."

Chini niliandika kwa herufi kubwa: "Weka hapa. Rudi nyuma hatua tatu. Nitakuja." Alhamisi nilizibandika karatasi zote mbili ubaoni, moja kando ya nyingine.

Jumapili ya Ushirika iliyofuata nilikuta Mchungaji Deus ameweka stuli mbele ya benchi letu. Klementina alikuja macho yakitazama sakafu, akaweka sahani juu ya stuli, akaanza kurudi nyuma.

"Moja," Mseti alihesabu kwa sauti ya chini. "Mbili. Tatu. Haya, nenda."

Niliinuka, nikachukua kipande changu, nikala. Mwanakwaya mmoja alishindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakamfuata. Klementina alijifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika. Nami nilicheka, nikiwa bado natafuna.

Niliporudi kukaa, Mseti alinivuta koti.

"Mwambie mchungaji hiyo stuli isiondoke," alininong'oneza. "Mwezi ujao mkamwana wangu naye anaanza zamu ya benchi hili."