Aliyefungwa Ndiye Anayeongea

Katika mchezo wetu wa hurling kutoka Ireland, wa fimbo na kampira kagumu, kocha aliyefungwa huingia chumba cha washindi, akasimama katikati ya soksi zao na kuwapongeza. Hata huku Winnipeg, Kanada, hakuna anayekwepa. Watu wetu wameacha kanisa, hilo hawajaacha.

Mume wangu Tiernan na kaka yangu Malachy walikuwa hawasemezani mwaka wa saba. Tiernan, akiwa kocha wake, alimweka Malachy benchi siku ya fainali, na mama yetu alikuwa amesafiri kutoka Clare kuja kumwona mwanawe akicheza. Aliona benchi. Akarudi Ireland, akafariki. Malachy akaanzisha timu yake ng'ambo ya mto. Mimi ndiye katibu wa ligi. Napanga mechi, napika Krismasi mbili, na nimechoka.

Jumapili ile ilikuwa mechi ya mwisho, timu ya Tiernan na ya Malachy. Jumatano Malachy alikuwa anarudi Clare kuishi huko moja kwa moja.

"Mpigie simu shemeji yako," nilimwambia Tiernan asubuhi.

"Nimwambie nini?"

"Samahani."

"Kwa simu? Mtu mzima mimi? Hebu nipe chumvi."

Nilimpa chumvi. Nilitamani kumpa na kofi.

Dakika ya mwisho timu ya Tiernan ilikuwa nyuma kwa pointi moja, ikapata mpira wa adhabu mbele kabisa ya goli. Kuupitisha juu ya mwamba ni sare, na sare haina hotuba. Mpigaji wetu, Cathal, hakuwa amekosa tangu theluji iyeyuke.

"Cathal, toka!" Tiernan akaita. "Kowalchuk, ingia!"

Kowalchuk ni daktari wa meno. Fimbo alianza kuishika Agosti.

"Kocha, umelewa?" Cathal akauliza.

"Toka, nimesema."

"Huyo anakuja kung'oa meno?" wakapiga kelele watu wa upande wa Malachy.

Kowalchuk akapiga. Mpira ukaenda kwenye maegesho, ukavunja kioo cha gari letu. Tiernan hakugeuka hata kuangalia. Alivua kofia, akaelekea chumba cha washindi. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Hongereni," aliiambia sakafu. "Mmecheza vizuri. Mmestahili."

Hotuba huishia hapo. Yeye akabaki amesimama.

"Malachy, siku ile ulistahili kucheza. Nilikuonea wivu, basi. Na mama alinipikia kesho yake kama vile sikumkosea kitu."

Watu waliacha kuvua soksi. Malachy alikunja jezi yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Yule daktari wa meno," akasema, "umemtoa wapi?"

"Ndiye mbovu kuliko wote nilionao."

"Nimeona."

Malachy akashusha begi lake kutoka kwenye benchi, akasogea kumpa nafasi.

"Haya, shemeji. Leo benchi ni zamu yako."

Nililia pale mlangoni bila aibu. Tiernan akakaa.