Chale ya Akuele

Ukinitaja jina hapa Lomé, mtu anakuuliza la pili. Mimi ni Akoko, na kila Akoko ana pacha wake Akuele. "Mwenzako yuko wapi?" Wateja huniuliza hivyo hata kabla ya kunipa faili. Nimechoka kujibu. Akuele alikufa tukiwa na miaka sita.

Mama alituchanja chale ili asituchanganye, Akuele shavu la kushoto, mimi la kulia. Akuele alipokufa, fundi alimchongea kisanamu cha mti chenye chale yake, kama tunavyomfanyia pacha aliyekufa. Mama akawa anakiosha, anakivika, anakiwekea chakula kando ya sahani yangu. "Usimwache mwenzako ale peke yake," aliniambia hadi siku anakata roho. Nami sikumwacha, mpaka bahari ilipokula nyumba yetu kule Aného, ikaondoka na kisanamu chake. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki kooni.

Kazi yangu ni kugeuza faili za maumbo. Mtu amechora jino la bandia au kifuniko cha pampu kwenye programu yake, lakini mashine yetu ya kuchapa vitu vya plastiki haiisomi faili hiyo. Mimi naibadilisha iwe ya aina inayosomeka. Kazi hii inataka macho. Programu nyingine hupima umbo kwa kile tunachokiita mkono wa kulia, nyingine kwa mkono wa kushoto, na ukizembea, kitu kinatoka kimegeuka kama kwenye kioo. Kila mteja namuuliza faili yake imetoka wapi, namuuliza hadi anakereka.

Basi juzi, kwenye kompyuta mbovu ya karakana, nikakuta skani ya kisanamu cha Akuele. Nilikipiga mwenyewe skani hiyo ya umbo lake lote zamani, kabla bahari haijakichukua, nilipokuwa najifunza kazi, nikasahau kabisa. Programu iliyoihifadhi haipo tena. Sikutaka kungoja. Nikaigeuza faili, kikatokea kidirisha kinachouliza kama ni mkono wa kulia, nikabonyeza ndiyo bila kusoma. Mashine ikaanza kunguruma, nami nikaenda nyumbani kuchemsha maharage, chakula cha mapacha.

Niliporudi, Messan ninayefanya naye kazi alikuwa amekishika kisanamu.

"Dada, kimetoka safi! Yaani ni wewe mtupu."

"Ni Akuele huyo."

"Akuele gani mwenye chale yako? Hebu njoo uone."

Chale ilikuwa shavu la kulia. Kisanamu huchongewa aliyekufa, na mimi nilikuwa nimejichapa huku bado napumua.

"Wee Akoko! Wewe unayetutesa kila siku, mara mkono wa kulia, mara wa kushoto!" Messan alicheka, kisha akaniona uso. "Basi, basi, usilie. Si unaigeuza tu, unachapa upya? Hiki nipe nikivunje, tuyeyushe plastiki yetu."

"Kiguse uone."

"Sasa utakifanyia nini?"

"Sijui. Niache, Messan."

Nikaigeuza faili upya, safari hii nikisoma kila neno. Akatoka Akuele, chale kushoto. Nikawafunga wote wawili kwenye kitambaa, nikaenda nao nyumbani.

Nilimwosha Akuele, nikamvika, nikamkalisha mezani. Yule mwingine sikujua pa kumweka, nikamkalisha kando yake. Wakakaa bega kwa bega, chale huku na chale huku, kama mama alivyokuwa akituketisha. Nikapakua maharage, nikayamwagia mafuta ya mawese, nikawawekea sahani moja.

Nilidhani ningefurahi. Lakini Akuele alikuwa amempata Akoko wake, mdogo kama yeye, na pale mezani hakuna aliyekuwa ananisubiri mimi. Nilichukua sahani yangu, nikala nimesimama jikoni.