Mfuko wa Pili wa Mkoba

Mimi ni msusi, na simbembelezi mteja. Lakini siku Malkia wa Wachawi alipoingia saluni kwangu, chanuo lilinidondoka. Ndivyo tulivyomwita tangu utotoni, kwa sababu ya filamu moja ya kale aliyoigiza, ambamo alimgeuza mfalme kuwa chura. Filamu nzima ninayo kichwani. Hata mume wangu nilimpata ukubwani kwenye foleni ya kwenda kuiangalia tena, kwa hiyo huyo mama tuna kesi naye.

"Shikamoo, mama. Nywele hizi nyeupe tuzitie rangi," nikamwambia, nikiitoa rangi kabatini.

"Nani kakuomba ushauri?"

Kweli, mdomo wake hauna breki. Magazetini huwa anawapa waongozaji wa filamu vidonge vyao bila maji.

Akafungua mkoba, akatoa chura mwenye taji dogo, akamweka juu ya taulo langu safi.

"Jamani! Ndiye mfalme yule?"

"Ndiye. Mpaka leo."

"Kwa nini hukumrudisha, mama?"

"Mwongozaji aliyakata maneno ya kumrudisha. Nikamwambia bila maneno yale tutamharibu mtu wa watu. Akaniambia ninyamaze, yeye ndiye anayejua kazi."

"Na huyo mwongozaji yuko wapi siku hizi?"

Akaufungua mfuko wa pili wa mkoba. Mle ndani chura mwingine akakoroma kwa hasira, kama anayetoa amri.

Nikairudisha rangi kabatini.

"Nyeupe imekukaa vizuri sana, mama," nikasema.