Mti Usioitikia Salamu

Hakuna mtu pale Itaka aliyewahi kumsalimu Enesi akakosa kuitikiwa. Umkute ana mzigo wa kuni kichwani, umkute amekasirika, na kukasirika anajua huyo mama, atasimama tu. Atakuuliza ya nyumbani, ya mifugo, ya yule mtoto aliyekuwa anakohoa, mpaka utamani ungepita njia nyingine. Ndiyo maana aibu iliyompata mbele ya watoto wa chekechea ilimkaa moyoni siku nyingi.

Watoto wenyewe hawakuwa na kosa. Aliyeanzisha mambo alikuwa mwalimu wao, Tusekile, binti aliyezaliwa na kukulia Tunduma, kule mpakani, ambako ukitaka kuona kijani uangalie turubai la lori. Alipoletwa kufundisha Itaka, mwisho wa kiangazi ulimkuta huko. Milima ilikuwa imegeuka myekundu kwa majani machanga ya miyombo, na mvua bado haijadondosha hata tone. Binti wa watu akachanganyikiwa kwa furaha. Akawaambia watoto kwamba huu ndio mwaka mpya wa miti, na mwaka mpya haupiti hivi hivi bila sherehe.

Basi akawavisha mataji ya majani, akawapa vidumu vitupu wavipige kama ngoma, akawaongoza nyumba kwa nyumba kuisalimia miti. Sheria ilikuwa moja tu: mti umekuzidi umri, kwa hiyo unauamkia, na mwenye mti ndiye anayeitikia kwa niaba yake. Mzee Watson alijificha nyuma ya mparachichi wake akanguruma, "Marahabaaa!" Watoto wakatimua mbio huku wanacheka, mmoja akaacha kandambili njiani. Jamani, kijiji kilifurahi siku ile. Hata wale wanaojifanya hawana muda walitoka nje.

Ndipo wakafika kwa Enesi.

Mti wake uliokuwa karibu na njia ulikuwa mbuni wa kahawa, umesimama pembeni kabisa mwa shamba, na nyuma yake mibuni mingine imejipanga mistari mpaka bondeni. Watoto wakajipanga, wakakunja magoti kidogo kama walivyofundishwa.

"Shikamoo, mti!"

Mwalimu akamtazama Enesi akitabasamu, akisubiri. Watoto nao wakasubiri. Aliyechoka kusubiri mapema alikuwa Brenda, kasichana kasikokuwa na meno ya mbele wala haya.

"Bibi, mbona mti wako hauitikii?"

"Mwenye mti alishafariki, mjukuu wangu."

"Pole, bibi," alisema Brenda, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri. Kisha akafikiri. "Sasa nani anaitikia?"

Enesi akafungua mdomo. Haki ya Mungu, alifungua mdomo aitikie, neno likagoma. Yeye, mwitikiaji wa kijiji! Akasema ana chungu motoni, akaingia ndani, na motoni hakukuwa na chungu.

Mbuni ule ulipandwa na Yonasi, mumewe, mwaka waliooana, na mibuni mingine yote ilifuata nyuma yake. Yonasi hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini kila mwaka, kahawa ilipochanua, alivunja kitawi kimoja chenye maua kwenye mti huo wa kwanza, akakiweka mezani karibu na kikombe cha mkewe. Mkulima wa kahawa havunji ua, maana ua ndiyo punje. Enesi alilijua hilo, na alijua mumewe alikuwa anamwambia nini. Zaidi ya miaka thelathini hakuambiwa vingine, na vilimtosha.

Tangu amzike, hakukanyaga tena shamba lile. Dirisha la nyuma, linaloelekea huko, alilifunga siku ya msiba na hakulifungua. Kahawa iliiva ikaanguka yenyewe chini. Maotea, yale machipukizi yasiyopunguzwa, yalisongamana mpaka mibuni ikawa kichaka. Mwanawe, Andongwisye, mwenye duka la vipuri Tunduma, alipokuja akaona vile akamwambia, "Mama, hii mibuni imezeeka. Niruhusu niing'oe, nikupandie parachichi. Hutahangaika." Enesi akakubali palepale, na mwanawe akashangaa ilivyokuwa rahisi. Hakujua kwamba mama yake hakutaka parachichi wala nini. Alitaka tu asiione tena mibuni ya Yonasi ikimsubiri mtu ambaye harudi. Wakakubaliana kazi ifanyike Ijumaa moja, kabla mvua hazijaanza.

Turudi kwa Brenda. Njiani siku ile aliwatangazia wenzake kwamba ule mti si mkorofi. Koo limekauka, ndiyo maana hauitikii. Watoto wakaona kweli kabisa, hata wewe ukiwa na kiu utaitikiaje? Kuanzia kesho yake, kila asubuhi kabla ya kuingia darasani, walijaza vidumu vyao kwenye bomba la kanisani wakaenda kuumwagia mbuni wa Enesi, wakausalimia kwa kunong'ona, wakasikiliza kidogo, wakaondoka. Mwalimu Tusekile alipowaona, badala ya kuwazuia alikwenda kuchukua ndoo akawasaidia.

Hilo sasa lilikuwa kosa, na ni kosa ambalo mtu wa huku Mbozi halifanyi hata akiwa usingizini. Kiangazi, mbuni unakuwa umeshabeba vitumba vya maua, lakini umevifunga, umelala. Unasubiri mvua ya kwanza. Mvua ikinyesha, mibuni yote inaamka pamoja, na baada ya wiki moja hivi nchi nzima inakuwa nyeupe, inanukia. Ukiutia maji mengi mapema, mti utadhani mvua imekuja. Utachanua. Na mvua yenyewe ikichelewa, maua yanakauka yakiwa tawini, na mwaka umeshapotea.

Enesi aligundua kwa sababu ya kuku. Alikuwa anamfukuza jogoo wake mtoro pembeni mwa uzio, mguu ukazama kwenye tope. Tope, kiangazi! Akainua macho. Vitumba vya mbuni wa Yonasi vilikuwa vimevimba, vimeanza kubadilika rangi.

"Mungu wangu! Nani ameuamsha?"

Kanga hata hakuifunga vizuri. Alifika chekechea watoto wakiwa wanaimba, wimbo ukafia midomoni.

"Mwalimu! Wewe ni mwalimu au ni nani? Mti wa kahawa unautia maji kiangazi hiki? Nani alikwambia tunafanya hivyo?"

Tusekile akapiga magoti, machozi yanamlenga. "Nisamehe, mama. Kwetu hatulimi kahawa. Sikujua."

"Ulikuwa na kiu, bibi," alisema Brenda kutoka nyuma.

"Kiu! Ijumaa unang'olewa! Mnauamsha ili iweje?"

Limetoka. Hapo ndipo Enesi alipojisikia mwenyewe. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kijijini. Alikuwa hata hajawahi kulitamka kwa sauti, na sasa amelitupa mbele ya watoto wadogo. Katoto kamoja, Gwalugano, kakaanza kulia. Enesi akasema, "Haya, haya, imbeni," akageuka akarudi kwake. Uso ulikuwa unamwaka kwa aibu, na safari hii hakuweza kusingizia chungu.

Ijumaa ikafika. Enesi aliamka kulipopambazuka, akawasha moto, akasimama. Kulikuwa na harufu ndani ya nyumba. Aliijua kabla hajaitafuta. Ilikuwa inapenya kwenye nyufa za lile dirisha la nyuma.

Akapiga moyo konde, akalisukuma. Mbao zilikuwa zimevimba, zikakataa, akazipiga kwa bega. Dirisha likafunguka.

Shamba lote lilikuwa limelala, la kijivu, vumbi tupu na maotea. Mmoja tu ulikuwa umeamka. Mbuni wa Yonasi ulikuwa mweupe kuanzia juu mpaka chini, matawi hayaonekani kwa maua, nyuki wameshafika kabla yake. Enesi akashika kizingiti cha dirisha akalia. Hakulia kwa uchungu, maana uchungu alikuwa anaujua vizuri, na huu haukuwa wenyewe. Alilia kwa shukrani. "Asante," alisema, na hakujua kama anamwambia Mungu, au Yonasi, au wale watoto wenye vidumu. Akaona wote wanastahili, akarudia, "Asante. Asanteni sana." Muda wote alidhani mibuni ile imekufa na mwenyewe. Kumbe ilihitaji mtu aje tu, aipe maji, aisalimie.

Alikuwa bado anafuta machozi pikapu ya Andongwisye iliposimama nje. Aliteremka na fundi mmoja, Rabson, aliyebeba msumeno wa mashine begani.

"Shikamoo, mama. Tuanzie huu wa pembeni, sivyo? Ndio unaoziba nji..."

Hakumaliza. Alikuwa ameuona. Andongwisye alizaliwa katika nyumba ile. Alikuwa ameona vitawi vile mezani tangu hajaweza kufika mezani. Akavua kofia polepole.

"Umechanuaje, mama? Mvua hazijanyesha."

"Waulize wale," alisema Enesi.

Watoto walikuwa wanakuja njiani na mwalimu wao, bila ngoma wala mataji, kila mmoja na kidumu chake. Walikuwa wamekuja kuuaga. Gwalugano alikuwa ameshaanza kulia tangu kanisani. Walipokata kona wakauona mti, vidumu vikatupwa chini, kelele zikapanda, mpaka Mwalimu Tusekile akapiga makofi mara mbili. Wakajipanga. Wakakunja magoti.

Enesi akatoka, akasimama kando ya mbuni, mkono juu ya shina. Hakuwa ameugusa tangu siku ya msiba.

"Shikamoo, mti!"

Sauti zao zilikuwa nyembamba, lakini nyuma yao ilisikika sauti moja nzito, imechelewa kidogo. Enesi akatazama. Andongwisye alikuwa amesimama mwisho wa mstari, kofia mkononi, amekunja magoti kama mtoto mdogo, uso umelowa.

Neno likaja. Lilikuja lenyewe, bila kusukumwa.

"Marahaba, wanangu," alisema Enesi. "Hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Mnaona?" Brenda akawageukia wenzake. "Si niliwaambia ni kiu?"

Watu wazima wakacheka, Enesi akicheka kuliko wote, mpaka akajishika kiuno. Alimwita Brenda, akavunja kitawi kimoja chenye maua, akamchomeka kwenye nywele. Cha pili alikivunja, akakishika mwenyewe.

Rabson wa watu alikuwa bado amesimama na mzigo wake, hajui aende wapi. "Sasa mama, mashine niiwashe?"

"Iweke hiyo garini, baba. Chukua panga uingie shambani, maotea ni mengi. Na wewe Andongwisye, nenda bombani na wenzako ukachote maji. Mti umeshaamka huu, na hatuwezi kuuambia ulale tena. Tutaubebea maji mpaka mvua ije."

Mwenye duka la vipuri akachukua ndoo, akashika mstari nyuma ya Gwalugano. Enesi akaingia ndani kuchemsha chai ya watu wote, na kile kitawi akakiweka mezani, karibu na kikombe chake.