Kibao cha Talawala

Hapa Navsari hakuna kufuli lililowahi kunishinda. Isipokuwa la choo changu mwenyewe, lililonifungia ndani Ijumaa nzima nikaokolewa na muuza maziwa.

Sisi Maparsi wa hapa India huitwa kwa kazi zetu. Karani wa serikali alipomuuliza babu jina la ukoo, babu hakuwa nalo, akainua kufuli alilokuwa akilipiga tupa. Karani akaandika Talawala, mtu wa makufuli. Baba akarithi jina na kazi. Mimi nikarithi kazi, ila niliolewa na Batliwala, muuza chupa, jina likabaki kwenye kibao mlangoni kwa baba. Baba alipofariki bila mtoto wa kiume, binamu yangu Pirojsha akabandua kibao cha jina letu, akakitundika kwenye duka lake la kofia.

"Nirudishie kibao," nikamwambia. "Mtengeneza makufuli ni mimi."

"Wewe ni wa chupa, dada Jerbai. Nenda kasuuze chupa."

Basi siku ya harusi ya mjukuu wa jirani yetu Manekbai, sanduku lenye sari nyeupe ya bibi harusi likagoma kufunguka. Ufunguo haujulikani uliko. Sanduku lenyewe kufuli lake alilitengeneza babu, kwa hiyo wakamwita nani? Pirojsha! Si ndiye mwenye kibao? Mimi nilikuwa pale kama mgeni tu, nikiwanusa samaki wa kufungwa majani ya mgomba.

Pirojsha akapiga magoti, akachokonoa tundu la mbele kwa pini ya nywele. Jasho likamtoka. Pini ikakatika.

"Leteni shoka," akasema.

"Shoka kwenye sanduku la marehemu mama yangu?" Manekbai akafoka. "Nitaanza na kichwa chako!"

Bibi harusi akaanza kulia. Nikasogea. "Piroj, nikilifungua, kibao changu?"

"Chukua na msumari wake! Hawa wote mashahidi."

Nikawageuza wote wakatazama ukuta, kama alivyofanya baba. Talawala hafungui sanduku huku akitazamwa. Hata kuhani aligeuka. Nikatoa waya wangu, nikasikiliza kwa vidole, na kabla kuhani hajamaliza kukohoa, kifuniko kikainuka. Harufu ya msandali ikajaa chumba kizima. Manekbai akanipitishia mikono kichwani, akavibonyeza vidole vyake kwenye paji lake mpaka vikalia, desturi yetu ya kumkinga mtu na kijicho, na mpishi akawaacha samaki jikoni akakimbilia dukani kubandua kibao changu.

"Wee, rudi!" Pirojsha akapiga kelele. "Mimi nilishalilegeza, yeye kamalizia tu! Niliyasikia meno ya kufuli yakigeuka. La kwanza. La pili. La tatu."

"Kwenye tundu hili la mbele?" nikamuuliza kwa upole, kama mtu asiyejua kitu.

"Hilohilo! Sikio la Talawala halikosei."

Nikamwonyesha Manekbai sanduku kwa ndani. Nyuma ya tundu la mbele palikuwa na ubao mzima, haujawahi kutobolewa. Babu aliliweka tundu lile kuwapotezea wezi muda. La kweli liko ubavuni, chini ya ua la shaba.

Manekbai akachungulia ndani, akachungulia tundu kwa nje, akakiona kipande cha pini kimekwama kwenye ubao.

"Haya Piroj, mwanangu," akasema, "tuhesabie tena. Yaligeuka mangapi?"