Mwandiko Wangu kwenye Fomu ya Nuh

Mwalimu Danson, mkuu wa shule yetu, alikuwa na tabia iliyonichosha kwa miaka minne: ukikosea, hakuambii. Anakupa karatasi uisome mwenyewe mpaka uone.

Jumatano hiyo, Machi ya 1998, alinisukumia fomu juu ya meza na kurudi kwenye chai yake. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalikuwa yamefika wiki moja kabla, kwa kuchelewa, maana mafuriko yalikuwa yameikata barabara ya Malindi. Nuh Halkano ndiye aliyeongoza shule. Mimi nilikuwa wa tatu. Nilikuja ofisini nikidhani nimeitiwa pongezi.

"Soma," alisema.

Ilikuwa fomu ya Nuh ya kuomba chuo kikuu. Chaguo la kwanza, udaktari wa mifugo. La pili, ufugaji. La tatu, usimamizi wa malisho. La nne, utengenezaji wa maziwa.

"Nuh alisoma baolojia?"

"Hapana, mwalimu. Alichukua fizikia na kemia."

"Na kozi hizo nne zinataka somo gani?"

Nikaisoma fomu tena.

"Baolojia," alijijibu. "Zote. Kwa hiyo kijana wa kwanza katika shule hii haendi popote. Na mwandiko huu naujua, Changawa. Hiyo g yako yenye mkia kama wa kenge nimeisahihisha miaka minne."

Masikio yalinichoma. Ndiyo, ni mimi. Mwaka mmoja nyuma, wakati wa ukame, baba yake Nuh aliumia mguu, na Nuh akaacha shule wiki tatu kupeleka ng'ombe kutafuta majani upande wa Ozi. Fomu zikaja akiwa huko. Ilibaki siku moja zirudishwe, mwalimu wa darasa akasema nimjazie mwenzangu. Sikuchukua hata dakika tano. Niliandika nikiwa na furaha, tena niliiga na saini yake, nikajiona rafiki wa kweli. Nuh ni Muorma, mtoto wa wafugaji. Muorma ni ng'ombe. Kulikuwa na nini cha kufikiri?

Aliporudi aliniuliza, "Umeniandikia nini?" Nikamjibu, "Vizuri tu." Akaenda kunakili masomo yaliyompita.

"Inaweza kubadilishwa?" nilimuuliza mwalimu.

"Inaweza. Ijumaa asubuhi naondoka na fomu za mabadiliko. Nikizikosa ofisi huko mjini, basi." Akatoa fomu tupu. "Nuh yuko mbali, anachunga mifugo. Keti hapo, andika hisabati, andika chochote kinachotaka fizikia, tumalize."

Nilichukua kalamu. Na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu jibu sikuwa nalo. Nimekaa na mtu dawati moja miaka minne. Najua anavyokoroma, najua hapendi maharagwe, najua anaota kwa Kiorma. Lakini anachotaka kuwa, sikujua. Sikuwahi kumuuliza.

Nikainua macho. Ukutani kulikuwa na orodha ya wanafunzi wa shule yetu walioitwa vyuo vikuu. Nilikuwa nimeiona mara mia bila kuisoma. Kumi na mmoja kwa miaka sita. Tisa walikuwa watoto wa wakulima, na wote tisa waliitwa kusomea ualimu. Wawili walikuwa watoto wa wafugaji, na wote wawili, mifugo.

"Mwalimu, hawa fomu zao walijaza wenyewe?"

"Wengine niliwasaidia."

"Na yangu?"

Alikunywa chai. "Wewe uliniuliza uandike nini. Nikakwambia ualimu. Ulisema ahsante."

Ni kweli, nilisema ahsante.

Niliomba fomu tupu ya Nuh na kile kijitabu cha kozi, nikavifunga ndani ya mfuko wa nailoni, nikaenda nyumbani Minjila. Alhamisi alfajiri nilivuka maji kwa mtumbwi mahali palipokuwa na barabara kabla ya mvua, kisha nikatembea. Nchi yote ilikuwa kijani. Majani yalinifika kiunoni, na mbu walikuwa hawajali jua. Jua lilipokaribia utosini niliiona kambi ya Mzee Halkano, vibanda vitatu vya mikeka na ndama wamefungwa kivulini.

Nuh alikuwa akikamua. Aliponiona alimwachia ndama ziwa, akaja mbio.

"Changawa! Nani amekufa?"

"Hakuna. Umekuwa wa kwanza shule nzima."

Alisimama. Halafu akaita kwa Kiorma, na mama yake, Mama Bishara, akatoka akipiga vigelegele vilivyoshtua ndama. Mzee Halkano alikuja polepole, mguu wake haujakaa sawa, akanipa mkono na kuushika muda mrefu. Nililetewa maziwa yenye harufu ya moshi. Niliyanywa upesi ili nisiulizwe kitu kabla sijawa tayari.

Nikasema. Nilisema yote, kozi nne, baolojia, mwandiko wangu, saini. Nuh alisikiliza bila kupepesa jicho, kisha akawaambia wazazi wake kwa Kiorma. Nilingoja hasira. Mzee Halkano alianza kucheka.

"Wewe kijana ya Mbodze," alisema, akimtaja mama yangu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "baba yangu najua ng'ombe. Mimi najua ng'ombe. Hii Nuh najua ng'ombe tangu iko mgongoni. Sasa mtu ya Nairobi nafundisha yeye ng'ombe miaka ngapi?"

"Mitano, mzee."

"Mitano!" Akamgeukia mkewe, akamwonyesha vidole vitano. Wakacheka pamoja. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemfungia rafiki yangu mlango kwa kitu ambacho baba yake mwenyewe hakutaka akakisomee.

"Toa hicho kijitabu," Nuh alisema. Yeye pia hakucheka.

Alianza ukurasa wa kwanza na hakuruka hata mstari. Kila kozi aliisoma kwa sauti na kuitafsiri kwa Kiswahili chepesi, na Mama Bishara hakukubali ipite bila kuelezwa.

"Hii ni kusomea hesabu za bima," Nuh alisema. "Wanakadiria watu watakufa baada ya miaka mingapi."

"Nani naambia wao?" mama yake aliuliza.

"Wanapiga hesabu, mama."

"Mungu nasamehe wao. Nyingine."

"Falsafa. Kufikiri."

"Kufikiri nini?"

"Kufikiri tu."

"Hiyo wazee ya hapa nafanya bure. Nyingine!"

Tulifika usanifu wa majengo, tukafika sheria, tukafika elimu ya miamba, ambayo Mzee Halkano aliipenda kwa sababu ya visima. Jua lilikuwa linasogea. Nilitaka kusema tuharakishe, lakini sikuwa na haki hiyo. Mimi nilitumia dakika tano.

Nuh akaweka kidole. "Hii."

Nikainama. Upimaji wa ardhi.

Kwetu Minjila neno hilo halisemwi kwa sauti ya kawaida. Mkulima analima ukingoni mwa maji, mfugaji anapitisha ng'ombe hapo hapo kwenda kunywa, na kila mmoja anaamini kwamba siku ardhi itakapopimwa mwenzake ndiye atakayehama.

"Ardhi ya nani?" niliuliza. Lilinitoka kabla sijalishika.

Nuh alinitazama. "Umetembea asubuhi nzima kuja kuniuliza ninachotaka. Nimekujibu, tayari hutaki."

"Nimeuliza tu."

"Basi nikwambie. Unawakumbuka wale watu waliokuja na chombo cha miguu mitatu, tukiwa kidato cha pili? Mmoja wao alikuwa anainama, anachungulia, anaandika. Anachungulia, anaandika. Nilikaa pale tangu asubuhi. Nilitaka kujua anaona nini mle ndani. Nikamwomba anionyeshe, mara moja tu. Akaniambia, 'We Muorma, rudi kwa ng'ombe wako.'" Akaikunja kona ya ukurasa. "Wewe uliniambia hivyo hivyo, Changawa. Ila wewe uliandika."

Niliitazama kona ile aliyoikunja.

"Sasa unajua anaona nini?" nilimuuliza.

"Bado. Ndiyo maana nataka kwenda kusomea." Halafu akatabasamu kidogo. "Nikijua nitakuonyesha."

Alijaza fomu juu ya goti lake. Upimaji wa ardhi, uhandisi, elimu ya miamba, hisabati. Saini yake haikufanana hata kidogo na ile niliyoiiga. Aliipuliza ikauka, akairudisha katika nailoni pamoja na kijitabu, akaifunga fundo mara mbili.

Kurudi, mtumbwini, niliushika mfuko ule mapajani. Maji yalikuwa mengi na ya rangi ya chai. Sitadanganya: niliwaza jinsi vitu vinavyoanguka mtumbwini kila siku na hakuna anayeuliza. Niliona shamba la mama kwa mbali, mpunga wake na migomba iliyobaki. Nikaupitisha mshipi wangu katika fundo la mfuko, nikaukaza.

Mama alikuwa uani akipura mpunga.

"Umemkuta? Anakwenda kusomea ng'ombe?"

"Hapana, mama. Kupima ardhi."

Mikono yake ilisimama. "Na karatasi umeibeba wewe?"

"Mimi."

"Ataanza na shamba langu."

"Huenda. Au huenda akawa wa kwanza kutuonyesha mpaka uko wapi, badala ya kutufukuza tusiangalie."

"Huenda," alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini. Akaupiga mpunga mara mbili. "Basi mtoto wa Halkano atapima ardhi. Na wewe wangu mimi utafanya nini?"

"Ualimu."

"Unaupenda?"

Mama hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kama angeniuliza kama nimekula. Hilo sikuwahi kujiuliza.

Ijumaa asubuhi gari la kwenda Malindi lilikuwa limeshawashwa nje ya lango. Mwalimu Danson alifungua mafundo ya Nuh kwa meno, akaisoma fomu, akanyanyua nyusi.

"Upimaji," alisema. "Sikuwahi kudhani."

"Hata mimi."

Akaitia katika bahasha, akailamba, akaigonga mhuri. Nilisimama pale mpaka bahasha ilipoingia mkobani na mkoba ukafungwa zipu.

"Mwalimu, naomba na yangu."

"Yako haina kosa. Ualimu utaupata."

"Najua. Lakini sikuichagua mimi."

"Changawa, gari linaniacha."

"Dereva ni shemeji yako, mwalimu. Atangoja."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akafungua zipu tena. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi na fomu tupu juu ya goti. Kijitabu kilifunguka chenyewe pale Nuh alipokunja kona. Nilikirudisha hadi ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma, na sikuruka hata mstari. Honi ililia. Nilikuwa nimefika kwenye hesabu za bima.